Asubuhi Tano kwa Kitanda na Chakula

Robota langu la kwanza lilipasuka juu ya mizani. Lilikuwa la suruali za watoto, mali ya mteja wa Kariakoo. Nililishona mwenyewe, nikalikokota mwenyewe, na lilipotua kwenye mizani likafunguka ubavu mzima. Suruali zikamwagika mbele ya bosi, mbele ya mteja, na mbele ya madereva wawili wa malori ambao asubuhi hiyo hawakuwa na shughuli nyingine ila kututazama. Bosi aliangalia saa yake akaondoka. Mteja alitaka kulia. Mimi nililia kweli, lakini nilikwenda kulilia chooni.

Nawaandikia nyinyi mliobaki ghalani, hasa mlioingia mwaka huu na bado mnashona kama mnaofunga mzigo wa kuni. Nimestaafu mwezi uliopita. Sikuugua wala sikugombana na mtu, kwa hiyo msizue. Nimetimiza miaka sitini, na huku China mgeni akifika sitini kibali chake cha kazi hakiongezwi kirahisi, hata kama mikono yake ina nguvu kuliko ya aliyepewa nafasi yake. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na cha pili kilikuwa namna ya kunikabidhi funguo. Mshahara mnaujua, ndio huo huo wenu. Nitaandika habari za kazi, na nitaandika habari za kosa langu moja, kwa sababu nimesikia mnavyolisimulia na mnalisimulia vibaya.

Nilikuja Guangzhou kama mfanyabiashara wa nguo. Safari ya nne mtaji ukakatika, na kampuni iliyokuwa ikinisafirishia mizigo ikawa inahitaji mwanamke anayejua Kiswahili wa kupokea mizigo ya wateja wa Dar na Unguja. Nikasema nitakaa miezi sita, nikakaa miaka kumi na tisa. Ghala lilikuwa pale pale lilipo sasa, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Zhanxi, na mikokoteni ilikuwa inakugonga visigino vile vile. Bosi wetu sote tulimwita Laobani, ambalo ndilo neno la sokoni la bosi. Jina lake halisi nililijua mwaka wa tatu nilipolisoma kwenye mkataba.

Aliyenifundisha kazi si Laobani. Ni mfungaji mkuu, mwanamke kutoka Hunan tuliyemwita Chen jie, yaani dada Chen. Siku ile ya suruali alizikusanya zote kimya kimya, akazikunja upya, akanipa shazia yake ya kushonea magunia na kuuweka mkono wake juu ya wangu. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili aliyookota kwa wateja, "kaza" na "bado". Kwa maneno hayo mawili alinifundisha kazi yote. Nikivuta uzi ananiambia, "Kaza." Nikidhani nimekaza ananiambia, "Bado." Alikuwa na kiti chake kifupi cha mbao karibu na mlango, chenye mto wa maua, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Sasa sikilizeni. Ile mashine ya kushonea ya mkononi mnayoipenda inakwenda haraka, sikatai, ila haishiki kona. Kona shoneni kwa shazia, tena anzeni nazo. Kati ya mshono na mshono pawe vidole viwili. Wekeni goti juu ya robota, si tumbo. Viatu vitoeni kwenye maboksi, mviweke kisigino kwa ncha, na maboksi yakunjwe yaende peke yake, kwa kuwa tunatoza kwa ukubwa na mteja hakuja China kununua hewa. Alama ya mteja iandikwe pande zote nne kwa wino mzito, maana wapagazi wa bandarini hawatalipindua robota ili wakufurahishe.

Habari ya alama inanikumbusha mwaka ambao mama mmoja wa Lubumbashi na bwana mmoja wa Unguja walichagua herufi zilezile, nami nikazikubali zote mbili kwa sababu nilikuwa nazungumza na simu. Mabuibui ya Unguja yakaenda Lubumbashi, na mawigi ya Lubumbashi yakashuka bandari ya Malindi, Unguja. Yule mama akanipigia. "Maman Mwanahawa, izi manguo meusi miye nitafanya nazo nini? Huku nani atavala? C'est pas possible!" Bwana wa Unguja hakupiga simu. Alinitumia picha ya wigi moja jekundu limewekwa juu ya kaunta ya duka lake, bila maneno. Tangu siku hiyo kuna daftari la alama, na ole wake atakayeandika alama mpya bila kulifungua.

Basi nije kwenye lile kosa.

Jumuiya yetu ina mfuko, mnaujua, nyote mnachangia. Zamani ulikuwa wa mambo matatu, ugonjwa, msiba na tiketi ya aliyekwama. Baada ya ule ugonjwa uliofunga dunia likazuka la nne. Wateja wa nyumbani walijifunza kuagiza kwa simu. Wanatumiwa picha, wanachagua wamekaa madukani kwao, na mzigo unakuja ghalani bila wao kupanda ndege. Wakalimani waliokuwa wakiwatembeza sokoni wakabaki wanatazamana. Mfuko ukapanga fleti mbili, moja ya wanawake na moja ya wanaume, na aliyekosa kazi akawa anapewa kitanda na chakula mpaka apate njia.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Sisi tunaamka alfajiri, tunachangia, na wenzetu wanalala mpaka adhuhuri wanachezea simu. Sitasingizia watu wengine. Mnung'unikaji mkubwa nilikuwa mimi.

Ijumaa moja baada ya sala tulikutana ghorofani kwenye mkahawa, kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa Mzee Haji, Mzanzibari anayesafirisha vifaa vya umeme, mtu mpole asiyependa kelele. Nikasimama. Nikasema sisemi wanyimwe, nasema wafanye kazi. Waje ghalani kwetu asubuhi tano kwa wiki, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Nitawafundisha mwenyewe. Mtu akikaa bila kazi huzoea, na akishazoea hata kazi ikija haioni.

Mzee Haji akauliza, "Na watalipwa?"

"Wameshalipwa, mzee. Wanakula na wanalala."

Watu wakacheka, wakapiga meza. Aliyepinga alikuwa mmoja, Papa Dieudonné, Mkongo anayenunua mabegi kule Shiling, kwenye viwanda vya mabegi. Naye ni mwanachama wetu, kwa sababu mfuko hauulizi mtu anasali wapi.

"Mama Mwanahawa, miye minauliza tu," akasema. "Ule muntu akishona asubui yote, kazi atatafuta saa gani? Asubui njo saa ya kazi. Na ule mwenye anatumikaka pale leo, mutamuweka wapi?"

Nikamjibu, "Papa, wewe shughulika na mabegi yako. Ghala niachie mimi."

Wakacheka tena. Mikono ikapanda, wangu ukiwa wa kwanza. Tukaiita kazi ya kujitolea, kwa kuwa kwa mgeni neno "kazi" linataka karatasi na muhuri. Nilijua ninachofanya nilipolichagua jina hilo, na sitajifanya hapa kwamba sikujua.

Laobani nilimweleza siku hiyo hiyo, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Aliuliza mara mbili kama kweli hawatadai kitu. Nilipomwambia hawatadai, alinimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Walikuja wanne. Nitasema ukweli wote, hata ule unaonitetea. Mmoja wao, Salum, alikuwa amekaa miezi bila kunyoa, anaongea na ukuta. Wiki ya pili ghalani alinyoa. Wiki ya tatu alianza kututania. Yule kazi ilimfaa, naye husema hivyo mpaka leo. Mkinisikia nasema kazi humrudisha mtu aliyekata tamaa, ndiye ninayemkumbuka.

Lakini Zuhura hakuwa amekata tamaa, na hapo ndipo hesabu yangu ilipoharibika.

Zuhura ni mtu wa Temeke, umri wa miaka arobaini hivi, na alikuwa mkalimani bora niliyemjua mji huu. Alijua kila ghorofa ya masoko ya Zhanxi na hali ya moyo ya kila mwenye duka. Kule Shiling alijua nani anashona begi la ngozi na nani anashona la plastiki akalipaka mafuta ya ngozi. Wanawe wawili walikuwa nyumbani wanasoma, wanalelewa na mama yake. Ofisi ndogo iliyokuwa imemwajiri ilifungwa, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kimebakiza miezi miwili. Bila barua ya mwajiri mwingine, angelazimika kuondoka.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu na mkoba begani.

"Dada Mwanahawa, mimi sikuja huku kulishwa," akasema. "Nina miezi miwili. Nataka barua."

"Basi shika shazia," nikamwambia. "Laobani akiona unavyofanya kazi atakuajiri mwenyewe."

Hayo ni maneno yangu. Hakuna aliyenituma kuyasema, wala Laobani hakuwa amenidokeza lolote. Niliyasema kwa sababu mimi mwenyewe niliingia hivyo, nikashika shazia na nikaajiriwa. Nilisahau kwamba mimi siku ya kwanza nililipwa, hata kwa lile robota lililopasuka.

Alijifunza upesi. Chen jie ndiye aliyemfundisha, na kwa kuwa Zuhura anakijua Kichina kuliko sisi sote, wakawa marafiki. Walicheka asubuhi nzima, na nikiuliza wanacheka nini wananiambia, "Kaza."

Sasa, nyinyi wageni labda hamjui kazi ya ukalimani inavyokwenda. Mteja anatua, analala, saa tatu asubuhi anashuka hotelini kwenda kunywa chai. Hapo pa chai ndipo mkalimani anapomkamata. Atakayemkamata asubuhi ya kwanza atakaa naye safari nzima na safari zijazo, na aliyechelewa hana chake. Wateja walikuwa wamepungua, ila hawakuwa wamekwisha. Na saa tatu asubuhi Zuhura alikuwa wapi? Goti lake lilikuwa juu ya robota, ghalani kwangu.

Wiki ya pili simu yake ikaita. Mteja wa Mwanza alikuwa amefika, ametajiwa jina lake na mwenzake, yuko hotelini anamsubiri. Zuhura akaja mezani kwangu.

"Dada, niruhusu nikamwone mara moja. Kastoma mgeni, anataka viatu, kontena zima. Nikimaliza narudi nafidia jioni."

"Sheria ni asubuhi," nikasema. "Ukitoka nitaandika hujaja. Ukikosa mara tatu unatoka kwenye fleti."

"Lakini si ndiyo kazi yenyewe mnayotaka niipate?"

"Leo nikikuruhusu wewe, kesho nitaruhusu wote."

Akarudi kushona. Saa tano na dakika moja alitoka mbio mpaka hotelini, akakuta mteja ameshaondoka na kijana Mkenya. Ikatokea hivyo tena mara mbili na wateja wengine. Nami kila mara nilijisifu moyoni kwamba sipendelei mtu. Nikiyakumbuka sasa natamani kuingia chini ya meza.

Mara ya nne hakuja kuomba ruhusa. Simu iliita, akaiangalia, akaizima.

Jumanne moja nikafika na kukuta aproni ya Chen jie haiko kwenye msumari wake. Nikadhani anaumwa. Nikamwuliza Laobani.

"Asubuhi nina watu wanne," akasema. "Saa tano kazi imekwisha. Chen nitamwita likija kontena kubwa."

"Chen yuko hapa kabla yangu."

"Ndiyo," akasema. "Anashona vizuri sana."

Hakuwa mtu mkatili, ndugu zangu. Alikuwa ananijibu kama mtu aliyeulizwa habari za kamba. Nikaona bora niseme na lile jingine papo hapo, nikamwomba barua ya Zuhura. Nikamsifu, nikamwambia anafaa kuajiriwa, Kichina anacho, wateja wanampenda, kushona ameshajua.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini nimlipe mtu anayekuja bure?"

Swali lilikuwa la haki na niliyempa nafasi ya kuliuliza ni mimi.

Sikumwambia Zuhura siku ile, wala iliyofuata. Nilijiambia natafuta njia, kumbe natafuta ujasiri. Kibali chake kilikuwa kimebakiza wiki tano.

Alhamisi asubuhi Chen jie akaja kuchukua vitu vyake, chupa yake ya chai na ule mto wa maua. Mto ulikuwa umekaliwa na Zuhura, kwa sababu viti vyote vingine vilijaa maboksi. Zuhura alipomwona akaruka kumkumbatia. Alidhani amepona ugonjwa, maana mimi ndiye niliyewaambia wote kwamba Chen anaumwa. Ndiyo, na hilo nalo nililifanya.

Wakaongea. Kichina changu ni cha sokoni, bei na rangi na saizi, sikushika mengi. Niliona tu uso wa Zuhura unabadilika. Mwisho akanigeukia.

"Dada Mwanahawa, Chen jie ananiuliza, huyu anayekaa kwenye kiti chake analipwa kiasi gani. Nimwambieje?"

Salum aliacha kukata tepu.

"Mwambie kweli," nikasema.

Akamwambia. Chen jie akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akasema maneno matatu ambayo hata mimi niliyaelewa. "Tai pianyi le." Rahisi mno. Kutwa nzima kwenye masoko yetu watu hupiga kelele ghali, ghali mno, nipunguzie. Katika miaka yangu yote ile sikuwahi kusikia mtu analalamika kwamba bei ni ndogo. Alichukua chupa yake ya chai. Mto akauacha.

Zuhura akasimama. Aliichomeka shazia kwenye robota alilokuwa akilishona, akavua aproni, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi? Saa tano bado," nikasema. Jamani, kinywa hiki.

"Sikai kwenye kiti cha mtu," akasema. "Njaa yangu naijua, nitaizoea. Hii siwezi."

"Laobani hajakataa moja kwa moja..."

"Ulimwuliza?"

Nikainamia daftari la alama, naye akajua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mchana Mzee Haji akanipigia. Zuhura mwenyewe alikuwa amemwendea na kumwambia hatarudi ghalani. "Mwanahawa, sheria ni yako," akasema. "Nimtoe kwenye fleti au nifanyeje?"

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa juu yangu mwenyewe, lakini hasira haichagui pa kuangukia. Nikasema, "Sheria ni sheria, mzee." Akasema sawa. Jioni hiyo Zuhura alihamia kwa shoga yake mmoja huko mbali, mwisho wa treni, akalala sakafuni. Kati ya maneno yote niliyowahi kusema kazini, hayo ndiyo ninayoyajutia zaidi.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nikasimama tena pale mkahawani. Nikasimulia yote kama nilivyowasimulia nyinyi, pamoja na ule uongo wa kwamba Chen anaumwa. Nikaomba sheria ifutwe.

Msidhani watu walipiga makofi. Bwana mmoja wa Kinondoni alisema kwa ukali, "Kwa hiyo watu wakae wanakula na kulala tu, sisi tuwe punda wao?" Mwingine akamtaja Salum, na alikuwa na haki ya kumtaja. Tukabishana mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tutaagiza chakula au tutaondoka. Nilichosema, na ninachokisema mpaka leo, ni hiki. Mtu apewe kazi, ndiyo, apewe hata kabla hajaiomba. Lakini kama ni kazi ya kweli, kuna mtu anaifanya na analipwa, na ukiingiza wa bure umemtoa yule. Na kama si kazi ya kweli, unamtesa mtu ili wewe ujisikie vizuri. Asubuhi ya mtu asiye na kazi ndiyo mali pekee aliyobaki nayo, nasi tulimnyang'anya.

Papa Dieudonné alikuwa na kila sababu ya kunicheka. Hakucheka. Alisema tu, "Bon. Sasa tufanye nini?"

Tukaamua kwamba anayesaidiwa na mfuko atatumia asubuhi zake kutafuta kazi, na kila mwanachama mwenye wateja atamchukua mmoja wao sokoni angalau mara moja kwa wiki, amtambulishe. Kazi yoyote atakayoifanya kwa mtu alipwe na mtu huyo. Mpaka leo ndio utaratibu, na haufanyi kazi vizuri sana. Wapo wanaolala mpaka adhuhuri. Nimeacha kuwahesabu.

Wale watatu waliobaki waliacha kuja ghalani Jumatatu. Jumatano Laobani alimpigia Chen jie. Chen alimwambia atafikiri, akafikiri siku mbili, akarudi na bei yake mpya, ikakubaliwa. Salum alipata kazi halali ya ghala kwa kampuni nyingine, kwa barua niliyomwandikia mimi. Nilimwandikia na Zuhura, kwa kampuni tano. Moja ilijibu kwamba wangemwona mapema wangemchukua, mwezi uliopita walikuwa wanatafuta mtu.

Mwezi uliopita alikuwa kwangu, anashona bure.

Wiki yake ya mwisho alimpata mteja mmoja, akamtembeza Shiling siku tatu, na kwa ujira wake akanunua mabegi ya kwenda kuuza nyumbani. Yalitosha robota moja. Akaja nalo ghalani saa nne asubuhi kama mteja, amevaa vizuri, amejifunga mtandio wa kijani. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile. Nikatoka nyuma ya meza.

"Zuhura mdogo wangu, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, dada. Nimekuja kusafirisha mzigo."

Akamwita Chen jie, wakaongea, wakacheka kidogo. Chen akakaa kwenye kiti chake akaanza kona. Zuhura alisimama kando, hakugusa shazia. Robota lilipokwisha akafungua mkoba, akamlipa Chen mkononi ujira wa kufunga, bila kuomba kupunguziwa. Chen alizipokea noti kwa mikono miwili.

Mimi nikachukua kalamu ya wino nikaandika alama yake pande zote nne, taratibu, herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilipomaliza alikuwa ananinyooshea noti.

"Hapana," nikasema. "Ya kwako naandika bure."

"Dada Mwanahawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mimi simfanyishi mtu kazi bure. Pokea."

Nikapokea. Miaka kumi na tisa nimepokea ujira wa mikono yangu bila kuona haya, isipokuwa siku ile.